Kabla ya kulipa ada ya ustawi wa jamii, kaeni kikao nyumbani

Ujumbe wa wiki hii umetoka Newala. Aliyeuandika ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 36, watoto watatu na mume anayelima korosho. Ana stashahada ya ualimu na ameshika chaki kwa miaka 12. Anasema amechoka kuandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio huku akijua vizuri nyumbani kwa mtoto huyo kuna nini. Anataka kusomea ustawi wa jamii kwa njia ya masafa, bila kuacha kazi. Mumewe amemuuliza swali moja tu: "Yaani ulipe ada miaka yote hiyo ili ukasuluhishe ugomvi wa watu?"

Huu si ujumbe wa kwanza wa aina hii. Muuguzi mmoja wa Masasi aliwahi kuniuliza hilohilo, na kabla yake mtendaji wa kijiji, na mama mwenye duka la vifaa vya shule. Wote ni watu wa miaka ya 30 na 40, wana familia na kipato, na wote wanavutwa na kazi ileile.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Lakini swali la huyo mume si la kubeza. Shahada ya mzazi hulipiwa na nyumba nzima: kwa fedha, kwa usingizi, na kwa kazi za nyumbani ambazo hata siku ya mtihani lazima mtu azifanye. Ndiyo maana nasema kikao cha kwanza kikaliwe nyumbani, kabla fomu ya chuo haijajazwa. Makala haya yanakupa mambo ya kuweka mezani.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi huchanganya maofisa wawili wanaokaa jengo moja halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa vikundi, na ndiye unayemfuata ukitafuta ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa ustawi wa jamii hushughulika na mtu au familia iliyokwama: mtoto aliyetelekezwa, mama anayedai matunzo, mzee asiye na wa kumtazama, kijana aliyekamatwa na polisi kabla hajatimiza miaka 18.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemtwisha afisa huyu mzigo mkubwa. Ndiye anayefuatilia taarifa za mtoto anayeteswa au kutelekezwa, ndiye anayeandaa taarifa ya hali ya familia kwa ajili ya mahakama ya watoto, na yumo katika taratibu za malezi ya kambo na za kuasili mtoto. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana navyo hupita mikononi mwake.

Mimi huandika habari za afya, hivyo hukutana na watu hawa zaidi hospitalini. Mgonjwa akishindwa kulipa, wao ndio humhoji na kupendekeza msamaha. Binti akiletwa amebakwa, daktari humtibu na kujaza PF3, na polisi wa dawati la jinsia na watoto hufungua jalada. Baada ya hapo hubaki swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: leo usiku huyu mtoto analala wapi? Ikiwa mtuhumiwa ni baba wa kambo au mjomba anayeishi nyumba hiyohiyo, jibu la swali hilo ni zito kuliko dawa. Afisa ustawi ndiye anayelibeba.

Kwa hiyo mume wa mwalimu wetu hajakosea sana. Kusuluhisha ugomvi ni sehemu ya kazi. Sehemu nyingine ni kuamua, kwa karatasi yenye jina lako, kwamba hapa hakuna usuluhishi: hapa kuna kosa la jinai na mtoto lazima alindwe kwanza. Anayeingia kwenye kazi hii akidhani ni ya huruma na maneno laini atashtuka mapema.

Mtu wa hapa ana nini cha kuongeza?

Watu wanaobadilisha kazi wakiwa watu wazima hudhani wamechelewa. Kwenye fani hii umri una faida yake, hasa huku kwetu.

Chukua mfano wa mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Hadi leo, katika familia nyingi za Newala na Masasi, kauli ya mjomba kuhusu watoto wa dada yake ina uzito. Sheria ya Mtoto nayo inawadai wazazi wote wawili, baba akiwamo, wamlishe, wamvike na wamsomeshe mtoto. Afisa aliyetoka mbali anaweza kumwita baba na mama ofisini, wakaandikishana, halafu akashangaa makubaliano hayatekelezwi. Mwalimu aliyekaa hapa miaka 12 anajua kwamba kiti kimoja kilikuwa tupu katika kikao kile.

Chukua pia jando na unyago. Familia hupanga ngoma wakati wa likizo, na mwaka wa korosho nzuri ngoma huwa nyingi. Ndani ya mila hiyo mna heshima, usafi, na namna ya kuishi na watu. Lakini binti wa miaka 10 aliyetoka unyagoni bado ni mtoto kisheria, na kuna wanaume wanaojifanya hawalijui hilo. Anayeweza kukaa na kungwi na kuzungumza naye kwa adabu, bila kumdharau na bila kumwogopa, ana mtaji ambao hauuzwi chuoni.

Yako pia mambo ya kila siku: bibi anayelea wajukuu watano kwa sababu wazazi wao wako Dar es Salaam, na ugomvi unaoanza fedha za korosho zinapoingia kwenye akaunti yenye jina la mmoja huku shamba lilipaliliwa na wawili. Muuguzi, mwalimu na mtendaji wameyaona haya kwa miaka mingi. Chuo kitawapa sheria, nadharia na utaratibu wa kuyashughulikia.

Hata historia inaonyesha kwamba kazi hii ilitangulia shahada zake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakitokea Zanzibar. Watu waliopotezana na ndugu zao walilazimika kujenga ujirani mpya katika nchi ambayo wengi wao hawakuzaliwa. Kule Chicago, Marekani, mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba iliyoitwa Hull House katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini, wakaishi humohumo na kujifunza kazi kwa kuifanya. Zaidi ya karne moja baadaye, chuo cha ustawi wa jamii chenye jina la Addams kilishirikiana na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii wa ngazi ya vijiji na mitaa, watu wa kawaida waliofundishwa kuwatambua na kuwahudumia watoto walio katika mazingira magumu.

Mlango upi unakufaa?

Mlango wa kuingilia hutegemea cheti ulichonacho mkononi.

Kama una cheti cha kidato cha nne chenye angalau ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, njia yako huanzia astashahada na kupanda hadi stashahada, chini ya usimamizi wa NACTVET. Chuo mama cha fani hii ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973. Vipo pia vyuo vingine vyenye kozi hii. Ugumu wake kwa mzazi wa Newala ni kwamba masomo mengi ya ngazi hizi humtaka mwanafunzi awepo darasani.

Kama una kidato cha sita chenye alama mbili za "principal" zinazofikisha kiwango cha TCU, au una stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, unaweza kuomba shahada. Hapa ndipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinapomfaa mtu mwenye kazi na familia. Kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kwa lengo hasa la kumfuata mwanafunzi alipo. Masomo ni ya masafa, sehemu kubwa kwa mtandao, na kina vituo mikoani, kikiwamo cha Mtwara. Unachukua masomo kwa kiasi unachoweza kuyamudu, hivyo mwenye majukumu mengi anaweza kwenda taratibu na kutumia muda mrefu kuliko kijana asiye na mtoto.

Kama sifa zako zimepungua kidogo, usikate tamaa na usinunue njia ya mkato. Chuo Huria kina kozi ya awali, maarufu kama fondesheni, na upo utaratibu unaosimamiwa na TCU wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Kwa mwalimu mwenye cheti cha daraja la IIIA pekee, hatua ya kwanza ni kuuliza juu ya njia hizi au kupata stashahada. Akienda moja kwa moja kuomba shahada, ombi litarudi.

Zingatia hili moja: kabla ya kutuma hata shilingi, angalia jina la chuo na jina la kozi kwenye mwongozo wa udahili wa TCU kwa shahada, au wa NACTVET kwa astashahada na stashahada. Ujumbe wa WhatsApp unaokuahidi shahada ya miezi 6 uufute, na umwonye aliyekutumia.

Ada na msimu wa korosho

Familia nyingi hukokotoa ada ya chuo na kuishia hapo. Ada ni sehemu tu. Ongeza bando la intaneti kila mwezi, simu nzuri au kompyuta mpakato, kuchapisha kazi, nauli ya kwenda Mtwara kwa mitihani na siku za kulala huko. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala ni ya kilomita 210. Anayeanzia Masasi na kupita Ndanda na Mingoyo naye hukaribia kilomita 200. Huwezi kutoka asubuhi, ukafanya mtihani wa saa tatu na kurudi nyumbani ukiwa na nguvu za kupika.

Kwa nyumba inayotegemea korosho, kalenda ndiyo adui au rafiki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mnada hupita, na fedha huja baadaye. Minada ya TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, na ya MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kwa kawaida huanza Oktoba. Mwaka wa masomo nao huanza karibu na wakati huo. Awamu ya kwanza ya ada inaweza kulipika vizuri.

Shida huja awamu ya pili. Machi na Aprili mfuko umekauka. Mwezi wa sita shamba linadai salfa na vibarua wa kupulizia. Hapo ndipo mwanafunzi hukosa kufanya mtihani kwa sababu ya deni la ada. Nyumba ikubaliane kwamba ada ya mwaka mzima itengwe siku fedha ya mnada inapoingia, kabla ya bati, kabla ya pikipiki na kabla ya ngoma. Iwekwe akaunti tofauti, au ilipwe yote chuoni.

Kwa mtumishi wa umma mwenye mkopo benki, angalia hati ya mshahara kwa uaminifu. Kanuni ya theluthi moja ipo ili makato yasikuachie mkono mtupu. Kama tayari uko kwenye mstari huo, kukopa tena kwa ajili ya ada maana yake ni kukopa mtaani kwa riba ya kuumiza. Ni heri kuahirisha mwaka mmoja, umalize deni, uanze ukiwa mwepesi.

Nani atachota maji?

Sasa tufike pale ambapo wanandoa wengi hawafiki hadi ugomvi uwafikishe. Mtu anayesoma kwa masafa kwa uzito unaostahili anahitaji kama saa 12 kwa wiki: saa mbili kwa siku nne, na nne za Jumamosi. Saa hizo haziko dukani. Zinatoka kwenye kupika, kufua, palizi, kanisani au msikitini, vikao vya misiba, na usingizi.

Waliokulia Newala wanaelewa ninaposema swali la kwanza la chuo ni ndoo ya maji. Uwanda wetu uko juu, udongo wake hunywa mvua, na maji ya asili yako chini mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde umesaidia, lakini bomba linapokauka, kazi ya kutafuta maji huwaangukia mama na mabinti. Mama akifungua kitabu saa 11 jioni, ni nani anayebeba ndoo?

Katika nyumba nyingi jibu hutolewa bila kutamkwa: binti mkubwa. Yeye ndiye atapika, atachota maji, atamwogesha mdogo wake, na daftari lake la hesabu litafunguliwa saa 3 usiku akiwa anasinzia. Mama anapata alama nzuri kwenye somo la haki za mtoto, na mtoto wake anashuka darasani. Sisemi hili kwa kumlaumu mama. Nalisema kwa sababu mzigo huo hauonekani mpaka uandikwe.

Basi uandikwe. Chukueni karatasi, mchore siku saba, muandike kila kazi ya nyumba na jina la mtu mbele yake. Jina la baba liwemo, na si kwenye "kusimamia" tu. Kaka wa miaka 13 anaweza kuchota maji na kuosha vyombo. Mikono yake haina tofauti na ya dada yake. Kama bibi au shangazi atasaidia, aombwe kwa heshima na aulizwe ataweza kwa muda gani, maana miaka mitatu au zaidi si wiki mbili za uzazi.

Na kama anayesoma ni baba, hesabu ni ileile. Baba anayejifungia na kompyuta kila jioni kwa miaka minne naye amemwachia mtu kazi. Aseme amemwachia nani.

Fildi, siri na moyo

Ustawi wa jamii hausomwi kwa vitabu pekee. Kuna mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyoiita wanafunzi, ambapo unakaa ofisini kwa afisa ustawi, hospitalini au kwenye kituo cha watoto kwa wiki kadhaa ukifanya kazi chini ya msimamizi. Kipindi hiki hakifanyiki usiku baada ya watoto kulala. Mtumishi lazima apange likizo au aombe ruhusa mapema. Mwenye duka lazima apate wa kukaa dukani. Panga hili tangu mwaka wa kwanza.

Fildi pia ndiyo inayokupima. Utasikia mambo ambayo utatamani kuyasahau. Utarudi nyumbani umenyamaza, na mwenzako atadhani umemkasirikia. Wanaofanya kazi za afya tunaijua hali hii: ukibeba maumivu ya watu bila pa kuyatua, yanatokea kwenye ukali kwa watoto, kukosa usingizi, au baridi ndani ya ndoa. Dawa yake ni kuzungumza na msimamizi wako wa kazi na wenzako wa fani, bila kutaja majina nje ya kazi.

Hapo tunagusa siri. Masasi na Newala ni miji ambayo watu wanajuana. Mtuhumiwa anaweza kuwa kaka wa kungwi wako, au mteja mkubwa wa mumeo. Mkeo akirudi jioni, usimuulize "leo kuna nini ofisini?" ukitarajia hadithi. Familia ya afisa ustawi hujifunza kuishi bila kujua. Na siku kesi inapomhusu ndugu, afisa anapaswa kutangaza uhusiano huo na kumwachia mwenzake, hata ukoo ukinuna. Mjadili hilo nyumbani sasa, kabla halijatokea.

Cheti si ajira

Mahitaji ni makubwa. Ukipita halmashauri nyingi utakuta maofisa ustawi wachache wakihudumia kata nyingi. Lakini uhitaji wa watu si sawa na nafasi ya ajira. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi.

Kwa mtumishi wa umma anayetaka kubadilishwa kada, hatua ya kwanza ni mwajiri. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuanza, ili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo. Aliyesoma kimyakimya huwa na kazi ngumu ya kueleza cheti kilitoka wapi. Kisha muulize afisa utumishi maswali matatu: Je, halmashauri ina nafasi ya afisa ustawi kwenye ikama na bajeti? Nikibadilishwa, nitaanzia cheo gani? Mshahara wangu utakuwaje? Mwalimu mwenye miaka 12 kazini ana cheo alichokipanda taratibu. Lazima ajue atakiweka wapi. Kwa walimu, Tume ya Utumishi wa Walimu nayo inahusika.

Ikiwa nafasi haipo, elimu hiyo haipotei. Mwalimu anayejua kumhoji mtoto bila kumtisha, muuguzi anayejua mgonjwa ampeleke wapi baada ya matibabu, mtendaji anayejua mpaka kati ya usuluhishi na jinai: wote hawa huokoa watoto wakiwa kwenye kazi zao zilezile. Lakini familia ijue mapema kwamba hilo linaweza kuwa ndilo tunda pekee kwa miaka kadhaa, ili isije ikamsimanga mtu baada ya mahafali.

Jaribu kabla ya kulipa

Ushauri wangu mkubwa hauna gharama. Kabla ya ada, tumia miezi 6 kuifanya kazi hii kwa kujitolea pale ulipo. Zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika ngazi ya kijiji, kata na wilaya, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa MTAKUWWA ulioanza mwaka 2017/2018. Mashuleni kuna walimu wa unasihi na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto. Omba kuingia. Nenda pia ofisi ya ustawi ya halmashauri yako, jitambulishe, uulize unaweza kusaidia nini.

Ndani ya miezi hiyo utaona mtoto mmoja ambaye suala lake halikuisha. Utaona familia iliyokuchukia. Utaona ushahidi uliopotea kwa sababu watu walikaa chini, wakala mbuzi wakayamaliza. Kama baada ya hayo bado unataka kurudi kesho yake, unaitaka kazi hii. Kama utagundua ulichokuwa unakitafuta ni kutoka tu darasani au wodini, utakuwa umejua bila kuuza hata gunia moja la korosho.

Maswali ya kikao

Kikao kiwe siku ambayo hakuna mwenye haraka. Watoto wenye umri wa kuelewa wakae. Kiongozwe kwa maswali haya:

1. Kwa nini unaitaka kazi hii, na umeijaribu wapi?

2. Una cheti gani, na kozi unayoitaka imo kwenye mwongozo wa TCU au NACTVET?

3. Ada ya mwaka mzima, bando, nauli na fildi ni shilingi ngapi, na zinatoka mfuko gani, mwezi gani?

4. Mwajiri ameandika nini kuhusu ruhusa, kada na cheo?

5. Nani anachukua kila kazi ya nyumbani, na baada ya kila muhula tutaipitia lini orodha hiyo?

6. Tusipopata ajira mpya, tutaridhika na nini?

Swali la tano waulizeni watoto wenyewe, mmoja mmoja, na binti mkubwa aulizwe wa kwanza. Akisema "mimi naweza yote", msimsifu mkapita. Mpunguzieni kazi mbili hapohapo, mbele yake, na muandike jina la mtu mwingine.

Dirisha la udahili wa vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati salfa inapulizwa na mifuko ni myepesi. Kikao hakina dirisha wala ada. Na wakati mnajadiliana, namba ya kuijua kila mzazi, mwenye shahada na asiye nayo, ni 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Ukimjua mtoto anayeumizwa leo, usisubiri mtu amalize chuo.